Jino pana la binti yangu na kliniki ya meno ya watoto

Wanaouliza kama kliniki ya meno ya watoto ina faida au ni kumaliza hela tu: mimi nimeridhika, ila msirudie yaliyonikuta dirisha la malipo.

Binti yangu ana miaka mitatu. Chini mbele, upande wa kushoto, ana jino moja pana lenye mstari katikati, utadhani meno mawili yamegandana. Zahanati ya mtaani walishauri ling'olewe. Shangazi naye akaanza habari za kigego, yule mtoto anayedaiwa kuwa na mkosi kwa kutangulia kuota meno ya juu, wakati wangu hakutanguliza hata ya juu!

Daktari alimlaza miguu kwangu, kichwa mapajani kwake, akaanza kuhesabu. Meno ya utotoni ni 20, kumi juu na kumi chini. Juu yalitimia. Chini, ukilihesabu lile pana kuwa moja, yakawa tisa. Akaniambia hapo kwa kawaida inamaanisha vichipukizi viwili vya meno viliungana ndani ya fizi. Kingekuwa kichipukizi kimoja kilichotaka kugawanyika, hesabu ingefika kumi. Nilikuja nimejiandaa kwa vipimo vya kutisha, kumbe ni kuhesabu tu.

Hakung'oa. Alisema jino lenyewe halina ubaya, kazi ipo kwenye ule mstari, ambao ni mfereji, maana chakula kinakwama humo na jino linaoza upesi. Akausafisha, akauziba kwa dawa nyembamba inayogandishwa kwa taa, halafu akapaka meno yote floraidi. Mtoto alilia kidogo, zaidi kwa sababu ya ile taa. Nyumbani tupige mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya floraidi kiasi cha punje ya njegere, na mimi ndiye nimpigishe. Eksirei tutapiga akikaribia miaka sita, kwa kuwa chini ya jino la namna hii mara nyingine jino moja la ukubwani huwa halipo kabisa. Pia linaweza kuchelewa kung'oka, kwa hiyo wataliangalia.

Ukutani kuna bango la kukataza kuwachana watoto fizi kwa imani ya "meno ya plastiki", yaani kwamba uvimbe kwenye fizi za mtoto mchanga ni meno mabaya yanayomuuguza. Ule uvimbe ni chonge linalojitengeneza, na kuukata huharibu hata jino la ukubwani. Bango hilo lingebandikwa kila kliniki ya mama na mtoto.

Sasa lawama. Hakuna aliyenitajia kwamba bima hailipii kuziba mfereji mpaka kazi ilipokwisha. Ulizeni bei kabla mtoto hajapanda kitini. Na mapokezi wanagawa pipi. Kliniki ya meno, pipi!

Jumamosi foleni ni balaa. Nendeni katikati ya wiki, asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na hajaanza kusinzia.