afm2tfm au fontinst, utumie ipi kugeuza vipimo vya fonti kwa ajili ya TeX, programu ya kupanga kurasa?

Fonti ya PostScript inakuja na faili la AFM, yaani faili la vipimo vyake, maandishi ya kawaida tu, ukilifungua unaona upana wa kila herufi umeandikwa kwa kipimo cha 1000 kwa em moja (em ni ukubwa wa fonti), sasa TeX haisomi hiyo, inataka TFM, faili lake la vipimo la baineri, so lazima ugeuze.

afm2tfm inakuja pamoja na dvips (programu ya kugeuza matokeo ya TeX kuwa PostScript) na ni nyepesi mno, amri moja umemaliza. Kuinamisha herufi ni -s, kuzitanua ni -e, usimbaji (herufi ipi iko kwenye namba ipi) unaupa faili la .enc kwa -T. Shida yake faili la .fd, linaloijulisha LaTeX (makro maarufu za TeX) fonti za familia, unaandika mwenyewe kwa mkono, na ukiwa na fonti nane za familia moja utachoka.

fontinst imeandikwa kwa makro za TeX yenyewe, ndo maana inaenda polepole, halafu inakutolea PL na VPL, vipimo vya maandishi ambavyo bado unavipitisha kwenye pltotf na vptovf ili viwe baineri. Lakini jamani amri moja ya \latinfamily inakupa usimbaji wa T1 (wa lugha za Ulaya) na faili la .fd juu yake, tena herufi yenye alama ambayo fonti haina inaiunganisha yenyewe! Mimi kwa familia nzima naenda na fontinst bila kufikiria mara mbili, afm2tfm naiacha kwa fonti moja ya vichwa vya habari.

Ila kabla hujaanza tafuta mistari ya KPX ndani ya AFM, kama haimo basi hakuna kening (kurekebisha nafasi kati ya herufi mbili) ya kugeuza, utumie ipi utumie.