Snapseed na nyuso zetu juani: tazameni chombo hiki kimoja

Assalaam alaykum watazamaji wangu, mlioko Unguja, Pemba, bara na ughaibuni. Leo ni programu za kuhariri picha, namna ya kuzituma zisiharibike, na mwisho gemu kidogo, maana vijana wa gemu mmenijazia maombi. Lakini nakwambieni mapema, muda mwingi utakwenda kwenye chombo kimoja ndani ya Snapseed. Nimekipenda mno, siwezi kukipita mbio.

Snapseed wengi mnayo, kwa hiyo kuipakua sielezi. Ilianza 2011 kwenye iPad, ikiwa ya kulipia. Google wakainunua kampuni iliyoitengeneza, Nik Software, 2012, na kabla mwaka huo haujesha ikawa bure. Mpaka leo bure, wala haina matangazo. Na kuhariri kwenyewe hakutaki intaneti: bando likikata, wewe kazi yako inaendelea. Basi, hayo yatosha.

Sasa itazameni picha hii. Huyu ni shangazi yangu, yuko Wete, Pemba, na ameniruhusu nikuonesheni. Anaanika karafuu uani, jua la utosi. Jamvi limetoka vizuri, karafuu unaziona moja moja, mbingu buluu safi. Uso wake je? Kiza kitupu. Macho hayaonekani kabisa chini ya mtandio. Na hii ndiyo picha yetu sote! Watoto wako pwani Jambiani, mchanga mweupe nyuma yao, nyuso hazitambulikani. Kamera ya simu hupima mwanga wa picha nzima. Ikikuta mbingu na mchanga vinawaka, inapunguza mwanga, na aliyesimama mbele, hasa mwenye ngozi nyeusi, ndiye anayezama kizani. Ukiugusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga inasaidia, lakini picha ishapigwa hii, tufanyeje?

Wengi wanaongeza mwanga wa picha yote. Haya, naongeza. Uso umeonekana, lakini mbingu imegeuka nyeupe na karafuu zimepauka, utadhani mzigo mbovu. Narudisha nyuma.

Sasa ingieni kwenye Tools, mtafute Selective. Gusa shavu. Mnaona imetokea nukta yenye herufi? Wekeni vidole viwili, mbane taratibu. Ule wekundu unaotokea ni eneo litakalobadilika. Nabana, nabana, mpaka wekundu ubaki usoni tu. Na uzuri wake ni huu: haibadilishi kila kilichomo ndani ya duara, inafuata rangi inayofanana na pale ulipogusa. Ndiyo maana mtandio wa njano unabaki karibu ulivyokuwa ingawa uko pale pale. Haya, telezesha kidole kulia. Polepole. Kumi... ishirini... thelathini... tazameni macho yanavyotoka! Mashallah! Na ngozi ni ile ile ya shangazi, rangi yake mwenyewe, kilichoongezeka ni mwanga tu.

Sijamaliza. Kidevu bado kiko kivulini. Naigusa ile nukta, nachagua Copy, nabandika kidevuni, na vipimo vinakuja vile vile. Nukta zinaruhusiwa mpaka nane, kwa hiyo picha ya familia unaweza kumpa kila mtu ya kwake. Ukitelezesha kidole juu au chini unahama kutoka mwanga kwenda kwenye ukolevu wa rangi na mengineyo. Ile Structure usoni msiiongeze, nakuombeni. Inamkolezea mtu mistari mpaka anaonekana mgonjwa. Iwekeni kwenye karafuu. Hebu oneni, kila punje imesimama!

Na hapa kuna jambo linanikera kweli kweli. Zipo programu nyengine za urembo, ukiitia picha tu, hujaomba kitu, ishaanza kuung'arisha uso. Pua imechongwa, ngozi imekuwa ya mtu mwengine. Bibi harusi mzima, na hina yake na uzuri wake, anatolewa sura ambayo mama yake haijui. Kisha wanataka uwalipe kila mwezi! Lightroom, programu nyengine ya kuhariri picha, nayo ina malipo kwa baadhi ya vyombo vyake, lakini ile angalau inaiheshimu picha, na mpigapicha wa harusi mwenye picha mia za kusahihisha kwa pamoja atafaidika nayo. Kwa sisi wengine, Snapseed inatosha.

Kasoro inayo. Healing, kile chombo cha kufuta vitu, mfuko wa plastiki mchangani kinauondoa vizuri. Lakini nilijaribu kufuta waya uliopita mbele ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe, nakshi ikavurugika, maua hayakutani. Kwenye milango ile kiacheni, tumieni Perspective kuinyoosha basi. Vichochoro vyetu vyembamba, huna pa kurudi nyuma, mlango lazima utoke umeinama.

Kutuma. Mmeshahangaika na picha, halafu mnaitupa WhatsApp inabanwa, inapoteza ule usafi wote. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD, kibonyezeni. Na kama ni ya kuchapisha, itumeni kama Document, itafika kamili kama ilivyotoka kwako.

Haya, gemu. eFootball ya Konami, ile iliyokuwa PES mpaka 2021. Kupakua bure, mpira wenyewe mtamu, pasi zinatulia mguuni. Ila inataka intaneti, na ule mchezo wa kuvuta wachezaji kwa bahati, ukianza kununua sarafu hujui utaishia wapi. Wadogo zangu, pesa ya skuli msiitie humo. Inachezeka vizuri bila kulipa.

Video ijayo nitakuwa Chake Chake, na nitajaribu kupiga na kuhariri picha za usiku kwa simu za bei ya chini. Wenye picha zilizozama kizani nitumieni, lakini muombeni ruhusa aliyemo kwanza. Nitachagua chache tuzihariri pamoja hapa hapa. Jiungeni na chaneli msije mkaikosa.