Karakana ya mawe ya kumbukumbu Kinondoni: kazi nzuri, lakini majina yahakiki mwenyewe

Chama chetu cha wazaliwa wa kata moja ya Masasi tunaoishi Dar es Salaam kiliamua mwaka jana kuchongesha jiwe la kuwakumbuka watu wa kwetu waliokwenda vitani wasirudi, na kazi ya kutafuta fundi nikakabidhiwa mimi. Nilizunguka karakana nne kabla ya kuchagua moja iliyo upande wa makaburi ya Kinondoni. Sitaitaja jina, kwa sababu pamoja na sifa nitakazoieleza, ninayo manung'uniko mawili.

Orodha yetu ilikuwa na majina 11. Tisa ni ya waliokufa katika Vita vya Kagera, baadhi yao wakiwa wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na wengine mgambo waliojiunga baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia nchi mwishoni mwa Oktoba 1978. Taifa linawakumbuka mashujaa wake kila tarehe 25 Julai, na kule Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi ya waliokufa katika vita hivyo. Lakini kutoka Masasi hadi Kaboya ni kuivuka nchi nzima, na wengi wa wajane na ndugu wa kwetu wamezeeka bila kufika huko hata mara moja. Jina la kumi ni la kijana ambaye barua yake ya mwisho iliandikwa Masaka, Uganda, Machi 1979, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake. La kumi na moja ni la mpagazi, yaani mbeba mizigo ya jeshi, wa Vita Kuu ya Kwanza, ambaye ukoo wake unalikumbuka jina moja tu, bila la baba.

Kuhusu jiwe lenyewe, fundi alinishauri vizuri na hakunisukuma kwenye lile la bei kubwa kuliko yote. Alinionyesha terazo, marumaru nyeupe na graniti nyeusi, akanieleza kwamba marumaru ni laini, hunywa madoa ya majani na tope, na herufi zake hulika mapema, wakati graniti huvumilia jua na mvua kwa miaka mingi. Kisha akaniwekea mbele vipande viwili vya graniti: kimoja kimeandikwa kwa mashine ya leza, kingine kwa mchanga unaopulizwa kwa kompresa kupitia stika iliyokatwa herufi. Cha leza kilipendeza zaidi kwa macho, lakini nilipopitisha kidole sikuhisi kitu. Cha mchanga kilikuwa na mfereji ambao hata mtu asiyeona vizuri angeweza kuusoma kwa mkono, na kwa kuwa watakaolisoma jiwe letu wengi wana zaidi ya miaka sabini, nilichagua hicho. Rangi ya dhahabu niliikataa, naye akakiri kwamba jua huifubaza.

Kabla ya kulipa malipo ya awali nilikwenda kuangalia herufi za zamani zimestahimili vipi katika Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, yaliyoanzishwa mwaka 1968 wakati makaburi ya Ocean Road yalipohamishwa kupisha barabara mpya. Mawe yako imara na majani yanakatwa. Lakini mpagazi wetu hayupo, wala sikutarajia awepo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo tangu mwanzo ilijiwekea kanuni ya kuwakumbuka waliokufa wote kwa usawa, ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na inamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeizunguka sanamu hiyo pande zote. Haina jina hata moja. Kariakoo nayo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, tunaitaja kila siku tunapokwenda kununua vitenge, na sidhani kama mmoja kati yetu humkumbuka mpagazi.

Basi nilirudi karakana nikiwa nimeshikilia kwamba jina lile moja la mpagazi litachongwa kwa ukubwa uleule wa mengine, na kwamba hakuna cheo kitakachoandikwa kwa yeyote. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulitokea kwenye kompyuta, ambako kijana anayepanga herufi hutumia kiolezo kimoja kwa kila mteja: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa, na chini yake mikono miwili inayosali. Kwa yule wa Masaka akaweka 1979 baada ya kistari. Nilimwambia familia haijakubali mwaka huo, na kwamba mama yake alifariki bila matanga ya mwanawe kuanuliwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia aanue kwa habari ipi. Kijana akajibu kwamba pasipo mwaka wa pili mstari utaonekana umekatika. Hapo fundi mkuu akaacha msumeno, akaja akiwa amelowa vumbi la jiwe, akauliza, "Samahani mama, huyu amezikwa wapi?" Nilipomjibu kwamba hatujui, akamwambia kijana afute kistari.

Mstari huo sasa unasomeka jina, kisha "aliondoka 1979", na baada yake ipo nafasi tupu ya upana wa kiganja, imeng'arishwa kama sehemu nyingine za jiwe, ili habari ikipatikana maneno yaongezwe. Karakana ilitutoza shilingi 1,200 kwa herufi, jiwe likilipiwa kando, na ile nafasi tupu fundi hakuidai kitu ingawa ilitulazimu kuongeza urefu wa bamba. Katika kazi nzima, hiki ndicho nilichokithamini kuliko ung'avu wa graniti.

Sasa manung'uniko. La kwanza ni kwamba yule kijana, kwa nia njema nadhani, aliliona jina moja la Kimakua limekosewa akalinyoosha likawa jina la Kiswahili analolijua yeye. Nililigundua stika ikiwa tayari imebandikwa kwenye jiwe na kompresa imewashwa. Herufi moja ikishapulizwa mchanga haifutiki, na mtu ambaye hana kaburi angebaki na jiwe lenye jina la mtu mwingine. Atakayekwenda pale apeleke orodha iliyopigwa chapa na kutiwa saini na kila familia, kisha asimame mwenyewe mbele ya stika akisoma herufi kwa herufi.

La pili ni muda. Tuliahidiwa wiki mbili, zikawa tano, na maelezo yalibadilika kila nilipopiga simu: mara jiwe halijafika, mara kompresa imeharibika. Wazee walikuwa wamepanga kulizindua tarehe 25 Julai. Siku hiyo walikaa chini ya mwembe wakayasoma majina kutoka kwenye karatasi, na jiwe likawafikia katikati ya Agosti ndani ya buti la basi.

Ufungaji, hata hivyo, haukuwa na dosari: blanketi mbili, mbao pande zote nne, na kona zimekingwa kwa vipande vya tairi. Bamba lilifika bila ufa. Fundi aliniagiza lisafishwe kwa maji na kitambaa tu, lisiguswe na dawa za chooni. Kuhusu ile nafasi tupu aliahidi kwamba siku habari itakapopatikana, ataongeza maneno bila malipo. Nilimwomba aiandike ahadi hiyo kwenye risiti, akaiandika na kuigonga muhuri. Risiti anayo mpwa wa yule kijana wa barua ya Masaka.