Hansard za Bunge mtandaoni: someni wenyewe muone kazi ya upinzani

Wadau, wengi tunalijua Bunge kwa klipu za dakika moja, mbunge anafoka, wengine wanagonga meza, basi tunabishana wiki nzima. Mi nawapendekezea Hansard zilizoko kwenye tovuti ya Bunge la Tanzania. Ni bure, unashusha pdf unasoma neno kwa neno alichosema kila mheshimiwa, mpaka (Makofi) na (Kicheko) vimo humo. Na kama wewe ni wale wanaouliza eti wapinzani kazi yao nini zaidi ya kususa na kutoka nje, jibu utalikuta humo humo.

Anzeni na mwishoni mwa Novemba 2014, taarifa ya PAC, yaani Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow, zile shilingi bilioni zaidi ya 300 zilizokuwa Benki Kuu wakati TANESCO na kampuni binafsi ya umeme ya IPTL wanagombana, kisha zikatolewa. Aisee soma taratibu. Ishu yenyewe ilishakuwa imepigiwa kelele bungeni na mbunge Kafulila wa NCCR-Mageuzi, CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) akakagua, halafu PAC ndo ikaja kusoma ilichobaini. Mwenyekiti wa PAC alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo bado Chadema, maana kwa kanuni kamati ile inaongozwa na mpinzani, na makamu wake Filikunjombe wa CCM naye akasimama akasoma sehemu ya taarifa ile ile bila kumumunya maneno! Mimi hapo ndo napapenda kuliko pote, kwa sababu unaona mpinzani akipewa kiti na nyaraka, mpaka mbunge wa chama tawala anapata pa kusimamia. Na haikuishia kwenye makofi, Mwanasheria Mkuu Werema alijiuzulu Desemba, Waziri wa Ardhi Profesa Tibaijuka akaondolewa, Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini Profesa Muhongo naye akaachia ngazi.

Kingine msikiruke, Hansard za bajeti za miaka ile. Waziri akimaliza, kamati ikimaliza, anasimama Msemaji wa Kambi Rasmi ya Upinzani na hotuba yake ndefu, mwaka jana mlipitisha kiasi hiki, zilizotoka hazina ni hizi, zingine ziko wapi? Inachosha kusoma kweli ila ndo nyama yenyewe. Sasa shusha za baada ya uchaguzi wa 2020, wapinzani walibaki wachache mno, kambi rasmi hakuna, unatoka kwa waziri na kamati unaingia moja kwa moja kwenye wachangiaji, na wengi wanaanza na pongezi. Ile hotuba haipo. Mimi inaniuma sana, maana lile swali la hela zilizotoka na ambazo hazikutoka halina tena mtu ambaye kazi yake rasmi ni kuliuliza.

Na tangu 2016 TBC ilipoacha kurusha vikao vyote laivu, serikali ikasema ni gharama, mi naona haya maandishi yalizidi kuwa na thamani.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa sababu mafaili ni marefu, kikao kimoja ni kurasa kibao na inabidi ujue tarehe ya unachokitafuta. Somea kwenye kompyuta, kwenye simu macho yatauma, na ukifungua faili tafuta jina la mbunge wa jimbo lako kwanza.