Mikono Inayoonekana Haithibitishi: Yaliyonikuta Nilipofungua Duka la Vikapu Mtandaoni

Nianze na nyota kabla hasira hazijanipanda zaidi: moja. Na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Nilijaribu.

Mimi nasuka vikapu. Ukindu (majani ya mkindu), kamba na shazia, ile sindano nene ya kushonea, basi. Sina kiwanda, wala sina msaidizi isipokuwa binamu yangu anayenichania ukindu akipata nafasi, na nafasi yenyewe huipata kwa mwezi mara moja. Miezi michache iliyopita, sijui mitatu au minne, nikaona nami nifungue duka mtandaoni, niachane na watu wa kushika kikapu, kukigeuza, kukisifia, kisha kwenda zao. Jukwaa nililojiunga nalo silitaji, maana sitaki ugomvi wa pili wakati wa kwanza haujaisha. Si lile kubwa lililowajia kichwani.

Kufungua duka kwenyewe hakukunisumbua, nisiwasingizie. Nimeanza baada ya chakula cha usiku, kabla sijalala duka lipo. Picha nilikuwa nimezipiga asubuhi dirishani, shuka jeupe nyuma, kitabu pembeni ili mtu apate kuona ukubwa. Aina kumi na mbili. Nililala nikijiona tajiri.

Siku ya tatu duka likafungwa.

"Mpendwa muuzaji, bidhaa zako zimebainika kutokidhi vigezo vya kazi za mikono." Zimebainika! Na nani? Wapi? Kitenzi kimekaa peke yake kama mtoto aliyetelekezwa, hakuna mwenyewe. Niliusoma ujumbe huo nikiwa na ukili, ule mkanda mrefu wa chane za ukindu zilizosukwa, mapajani na vidole vya zambarau hadi ndani ya kucha, kwa sababu jana yake nilikuwa nimechemsha ukindu na rangi, na rangi ile haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Bidhaa zote kumi na mbili zimeondolewa, kwa kosa la kutotengenezwa kwa mikono. Na vidole vyangu vya zambarau.

Nikaandika kwa huduma kwa wateja. Wa kwanza kunijibu alikuwa roboti, na roboti sina ugomvi nalo. Lilinielekeza kwenye ukurasa wa maswali, nikaenda, nikarudi. Wa pili alikuwa binadamu. Nilijua ni binadamu kwa sababu alikuwa na dharau, na mashine bado hazijafika huko. Akataka ushahidi wa namna ninavyotengeneza.

Ushahidi? Nikasema huyu nitampa mpaka ashibe. Nikamkamata binamu, nikampa simu, tukapiga video ya dakika sita. Mwanzoni ninachambua chane, nyembamba huku, nene kule. Kisha nasuka ukili, chane zinapishana juu, chini, juu, chini, nikifika pembeni nakunja. Halafu kitako: ukili unajizungusha kama konokono, nami naushona mzingo kwa mzingo, shazia inazama upande huu inaibukia upande ule, navuta kamba mpaka mshono unapotea. Dakika ya nne shazia inanidunga kidole gumba na nasikika nikisema neno ambalo binamu alitaka tulifute. Nikamwambia acha, hilo nalo ni ushahidi.

Jibu lilichukua siku mbili. Nanukuu, kwa sababu nimelihifadhi na nitazikwa nalo: "Mikono inayoonekana kwenye video haithibitishi kwamba bidhaa zimetengenezwa kwa mikono."

Naomba mlisome tena, taratibu.

Sasa kama mikono haithibitishi mikono, kinathibitisha nini? Miguu? Nilimuuliza hivyo hivyo, pengine kwa adabu pungufu kuliko inavyoonekana hapa. Akajibu: "Suala hili limefungwa. Uwe na siku njema." Siku njema! Ningepigiwa kelele ingeniuma kidogo. Hilo la siku njema ndilo lililoninyima usingizi.

Nilikaa siku nzima sigusi ukindu. Nilizunguka nyumbani nikijibizana na mtu asiyekuwepo. Hata forodha wanatutambua, nilikuwa namwambia ukutani: kwenye mfumo wa namba za bidhaa unaotumiwa na forodha karibu dunia nzima, vikapu na vitu vya kusukwa vina namba yao, 4602, ndiyo utakayoijaza kwenye fomu ukituma nje. Dunia imekaa ikatafuta namba ya kikapu, wewe mwajiriwa wa soko la kazi za mikono hukijui kikapu kimetoka wapi. Mimi mashine ya kushona ukili sijapata kuiona. Ikiwepo, mnionyeshe nikainunue, nipumzishe mgongo.

Na kilichonitia kichaa zaidi: siku zile zile duka langu limefungwa, nikatafuta "kikapu" humo humo ndani ya jukwaa. La kwanza kutokea ni duka lenye vikapu vinavyofanana kama mayai ya kuku mmoja, mpini uleule, mshono uleule, na ukikuza picha unaona kabisa ile ni plastiki iliyopewa rangi ya majani makavu. Kimeandikwa "cha mkono". Kipo, kinauzwa, kina moyo mwekundu juu yake. Mlinzi gani huyu anayemkaba mwenye nyumba na kumshikia mwizi mlango?

Haya. Nivute pumzi.

Woga wao nauelewa, nisijifanye siuelewi. Swali la nini kihesabiwe kazi ya mkono limewatesa watu kabla yangu. Etsy ilipoanza 2005 ilijulikana kama soko la mtandaoni la kazi za mikono, kisha 2013 ikawaruhusu wauzaji kutengenezewa bidhaa na watu wa nje kwa masharti, na mafundi wengi walinuna. Ukilegeza, viwanda vinaingia vimevaa kilemba cha fundi. Ukikaza, unawanasa akina mimi. Ningekuwa mimi mwenye jukwaa, sijui ningeshika lipi. Lakini ningewafundisha watu wangu kusoma sentensi yao kabla ya kuituma.

Niliandika mara ya tatu, wiki kadhaa baadaye, wala si kwa matumaini, ni kwa ubishi tu. Akajibu mwingine. Hakuanza na mpendwa muuzaji. Aliandika: "Nimeangalia video, kazi nzuri. Ila umejaza kwamba unavyo vikapu 50 vya kila aina, na aina ni 12. Hivyo ni vikapu 600. Ulivisuka lini?"

Nikanyamaza.

Kile kisanduku cha idadi. Mimi nilidhani wananiuliza niko tayari kupokea oda ngapi, nikasema hamsini, nisionekane mnyonge. Kumbe wanauliza nilivyonavyo tayari, kabatini. Mimi nasuka vikapu viwili kwa wiki nikiwa mzima. Mia sita ni kazi ya miaka karibu sita. Mashine yao ilimwona mtu aliyejiunga jana, peke yake, ana shehena ya vikapu mia sita, ikasema huyu ni kiwanda. Ningekuwa mashine nami ningesema hivyo.

Kwa hiyo kosa langu lilikuwepo, na nalikiri kwa meno yaliyokazwa. Nikarekebisha: kilichopo nikaandika 1 au 2, visivyokuwepo nikaviweka kwenye oda ya kutengenezewa na siku ninazohitaji. Asubuhi yake duka likafunguka. Nilipanga kupandisha nyota ziwe nne, naapa, nilikuwa nimeshaanza kuandika maneno mazuri.

Kisha nikarudi kuisoma ile ya mikono haithibitishi, na damu ikachemka upya. Kumbe sababu ilikuwa hesabu! Kuzidisha hamsini mara kumi na mbili! Yule bwana, au bibi, sikumwona, alikuwa na namba mbele yake wakati wote, na badala ya kuniambia "mbona vingi" akanirudishia mikono yangu. Wiki kadhaa nimepoteza, na oda moja iliyokuwa imeingia siku ya pili ikafutwa duka lilipofungwa. Mteja wangu wa kwanza kabisa. Alikuwa ameuliza kama mpini unaweza kuongezwa urefu. Sijawahi kumjibu, mazungumzo nayo yalifungwa.

Mengine ni madogo lakini niyaseme, labda yatamfaa mtu wa vikapu. Wasafirishaji wengi wa vifurushi wa kimataifa hawatazami mizani peke yake. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5000, na kilo zinazopatikana zikizidi za mizani ndizo unazolipia. Boksi la 40 kwa 40 kwa 35 linahesabiwa kilo 11.2, na kikapu kilichomo hakifiki kilo moja. Unasafirisha hewa. Tangu nijue, navisuka kwa seti tatu, kimoja kinaingia ndani ya mwenzake. Hilo jukwaa halikunifundisha wala halikunizuia, kwa hiyo hapa hawana lawama wala sifa.

Tangu lifunguke nimeuza seti mbili. Mnunuzi wa kwanza alinitumia picha ya kikapu kikiwa na nyuzi za kufumia ndani, kimekaa pembeni ya kiti, na paka ameshakifanya chake. Nimeiangalia picha hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Siku hiyo ningewapa nyota tano wote, hadi yule wa siku njema.

Lakini pesa ya mauzo yale bado wameishikilia. Wanasema muuzaji mpya lazima asubiri mpaka mzigo uthibitishwe kufika, na mzigo umefika, maana paka nimemwona kwa macho yangu. Nimewatumia picha ya paka. Sijajibiwa.

Kwa hiyo, nyota. Naandika mbili kwa leo: moja ya lazima, moja ya yule aliyejua kuzidisha. Pesa ikiingia nitarudi niongeze ya tatu. Nikiandikiwa kwamba paka anayeonekana kwenye picha hathibitishi, nafuta zote mbili, na hiyo sifuri wataitafutia mahali wenyewe.