Nilivyopeleka lulu za bibi maabara, na walichogoma kuandika

Nina pini ya kifuani niliyoachiwa na bibi, ua lenye petali 13 za lulu ndefu nyembamba, ukiisogeza kwenye mwanga kila petali ina weupe wa maziwa na upinki wa mbali. Familia nzima tunajua ni lulu za mto za Scotland, na sonara mmoja alishatuandikia hivyo bila hata kuzitoa kwenye dhahabu. Mi sikuridhika, nikazipeleka maabara ya vito.

Sharti la kwanza zitolewe zote maana dhahabu inaziba eksirei. Roho ilinidunda kweli, ila fundi wao alitoa moja moja akaipa kila lulu namba yake, hakuna iliyochubuka, hapo nawapa maksi zote.

Wakazipiga eksirei zikawaka kijani cha njano, hiyo ni manganizi, aina ya madini, lulu za maji baridi (yasiyo na chumvi, ya mito na maziwa) zinakuwa nayo nyingi na za baharini kidogo sana. Ila kuwaka hakukuambii kama ni ya asili, maana hata za kufugwa za maji baridi zinawaka, ndo maana lazima wapige na picha ya ndani. Wakanionyesha kwenye skrini: 11 zina mistari ya kukua inayofuatana vizuri kama maganda ya kitunguu, halafu mbili zina kaufa keusi kamejikunja katikati, yaani za kufugwa, kome (mnyama wa gamba anayetengeneza lulu) alipandikizwa kipande cha nyama ya kome mwingine. Lulu ndefu za hivyo zilifugwa sana Ziwa Biwa, Japani, kwa hiyo kuna mtu aliwahi kubadilisha petali mbili na hakuna aliyetuambia. Iliniuma sana.

Sasa swali la zilitoka mto gani. Ripoti inasema tu lulu za asili, maji baridi, basi, mto hawakuandika. Nilibishana nao lakini nikaelewa, kemia inatenganisha mto na bahari, kutenganisha mto na mto ni kazi nyingine kabisa. Kwa mdomo mtaalamu akanieleza kwamba petali ndefu hivi zinajijenga karibu na bawaba ya gamba la kome, pale pande mbili za gamba zinapoungana, na zilijulikana sana kutoka bonde la Mississippi, Marekani, hata Tiffany, masonara maarufu wa New York, walitengenezea maua ya krisanthemumu mwishoni mwa karne ya 19, wakati za Scotland mara nyingi ni za mviringo au kama kifungo. Pini yetu haina muhuri wa mtengenezaji kwa hiyo sidai ni ya kwao, lakini hiyo Scotland nimeshaifuta kwenye boksi la pini.

Malalamiko yangu: walichukua wiki nyingi kuliko walivyoahidi, na picha za eksirei sikupewa mpaka nilipoomba mara mbili. Ukipeleka za kwako ziombe siku ileile, ndo kitu chenye maana kuliko cheti chenyewe.

Zile mbili nimezirudisha palepale kwenye ua, namba 4 na namba 9, nimeandika ndani ya kifuniko ili wajukuu wajue.