Msimu mzima wa wasanii wageni chuoni: uzoefu wangu baada ya maonyesho sita

Nilinunua tiketi ya msimu mzima kwa sababu ya usiku mmoja tu. Chuo kilikuwa kimemwalika mpiga piano ambaye nimekuwa nikisikiliza rekodi zake tangu ujana, na tiketi za usiku wake zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki ni zile za maonyesho yote sita. Nikalipa, nikaizungushia tarehe yake duara kwenye kalenda, zile nyingine tano nikaziona kama nyongeza.

Siku mbili kabla ya onyesho, ujumbe uliingia kwenye simu: msanii anaumwa, hatakuja, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Nyuma ya tiketi imeandikwa kwamba chuo kina haki ya kubadilisha msanii na fedha hazirudishwi. Ni sharti la kawaida kwenye tiketi za namna hii, lakini mimi sikuwa nimelisoma, na liliniuma. Wewe unayefikiria kununua, lisome kwanza.

Nilikwenda kwa shingo upande. Aliyekuja badala yake ni mwanamke ambaye jina lake nililiona kwa mara ya kwanza usiku ule. Kabla ya kuketi alisimama mbele ya piano akatueleza, kwa sentensi nne au tano, kwa nini kachagua vipande vile na tusikilize nini kwenye mkono wa kushoto. Basi nikasikiliza mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekaa upande wa kulia wa ukumbi, ambako unauona uso wa mpigaji lakini mikono imejificha nyuma ya ala, na usiku kucha nilitamani kuhama. Mapumziko yalipofika nilikuwa sina kinyongo tena.

Mpiga kora ndiye aliyefuata. Kora ni ala ya Afrika Magharibi yenye nyuzi 21, nayo hupigwa kwa vidole vinne tu: gumba na cha shahada vya kila mkono. Mwili wake ni nusu ya kibuyu kikubwa iliyofunikwa kwa ngozi ya ng'ombe. Kwenye rekodi unaweza kudhani wanapiga watu wawili au watatu. Ukiwa safu ya tatu unaona kwa macho yako kwamba ni mtu mmoja: magumba yanashika besi na mdundo, huku vile vingine viwili vinadondosha sauti za juu kama mvua. Kati ya wimbo na wimbo alichukua muda mrefu kurekebisha nyuzi, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hata kule kurekebisha kulisikika kama muziki. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba msimu wa chuo una faida ambayo kumbi kubwa haziwezi kuitoa. Ukumbi ni mdogo. Unasikia ukucha ukigusa uzi.

Udogo huo una gharama yake, maana ukumbi mmoja unafanya kazi zote: mihadhara, sherehe za kuhitimu, tamthilia, muziki. Muziki unahitaji sauti ielee kidogo hewani kabla haijafa. Usemi unahitaji sauti ife haraka ili maneno yasipandane. Jambo hili lina historia inayohusu vyuo vyenyewe. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambamo wasikilizaji hawakuweza kumfuata msemaji, kwa sababu sauti ilibaki ikivuma kwa zaidi ya sekunde 5. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuutengeneza. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaipanga mle ndani na kupima jinsi mvumo ulivyopungua kila alipoongeza. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kanuni ya kukadiria mwangwi wa ukumbi, na Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilijengwa kwa ushauri wake. Ukumbi wetu umewekwa mapazia mazito kwa ajili ya usemi. Usiku wa tamthilia ya mtu mmoja kila neno lilifika. Usiku wa muziki fundi huyakunja mapazia kando, lakini sauti bado ni kavu kidogo, hasa chini ya roshani. Ukikuta tiketi za bei nafuu za huko nyuma chini ya roshani, ziache kama ni muziki unaokuleta.

Kwa dansi ni kinyume. Nilibaki kwenye safu yangu ya tatu na sikuona miguu, kwa kuwa jukwaa liko juu kuliko macho ya aliyeketi. Waliokuwa roshani walitoka wakizungumzia maumbo ambayo mimi sikuyaona kabisa.

Lalamiko langu kubwa ni usiku wa nyimbo. Mwimbaji wa baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, na mpiga piano walileta Winterreise (Safari ya Majira ya Baridi) ya mtunzi Franz Schubert wa Austria, nyimbo 24 alizozitunga mwaka 1827 kwa mashairi ya Mjerumani Wilhelm Müller, mwaka mmoja kabla ya kufa akiwa na umri wa miaka 31. Ni zaidi ya saa nzima bila mapumziko, katika Kijerumani, na kijitabu cha programu kilikuwa na wasifu mrefu wa wasanii bila hata mstari mmoja wa tafsiri ya mashairi. Taa nazo zilizimwa, kwa hiyo hata aliyejiandaa na karatasi yake hakuweza kusoma. Mimi nilikuwa nimezisoma tafsiri mchana. Wimbo wa mwisho ulipofika, ule wa mzee anayezungusha mpini wa kinanda chake pekupeku juu ya barafu na hakuna anayemsikiliza, nilitokwa na machozi. Jirani yangu alikuwa akitazama saa. Sikumlaumu. Alinyimwa nusu ya kazi ya sanaa aliyoilipia. Niliiandikia ofisi ya matamasha, wakajibu kwamba watachapisha tafsiri. Ningependa waziweke kwenye kila kiti na waache taa zikiwaka kidogo.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote ni kitu ambacho hakikuwa hata kwenye tiketi. Asubuhi baada ya onyesho la kwateti ya nyuzi, yaani kundi la fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi) na chelo, wale wageni wanne waliendesha darasa la wazi kwa wanafunzi, na mtu yeyote aliruhusiwa kuketi nyuma na kutazama. Wanafunzi wanne walipiga sehemu ya kwanza ya kwateti ya mtunzi Haydn. Masikioni mwangu ilikuwa safi. Mpiga fidla wa pili wa kundi la wageni akawasimamisha, akawaomba fidla ya pili na viola wapige peke yao. Zilikuwa zile sauti za katikati ambazo usiku uliotangulia sikuzisikia hata mara moja, nikidhani ni kijazio tu. Peke yake zilikuwa kama mazungumzo ya watu wawili chumba cha pili. Akawaambia wapige tena, wote wanne, macho yamefumbwa, waanze kwa pumzi bila kutikisa kichwa. Mara ya kwanza walipishana. Mara ya pili pia. Ya tatu wakaingia pamoja, na binti wa viola akacheka kwa sauti huku anaendelea kupiga.

Darasa hilo ni bure na lilikuwa na watazamaji kumi na watatu, niliwahesabu. Tangazo lake lilibandikwa kwenye korido ya idara ya muziki tu. Chuo kikilitaja kwenye ujumbe uleule wa kukumbusha maonyesho, viti vile havitabaki vitupu.

Tiketi za msimu ujao zimeanza kuuzwa, na yangu nimeshanunua. Nimeomba safu ya nne, upande wa kushoto, mahali mikono ya mpiga piano inapoonekana.